Nishani ya Tisa

"Ziko nane," kapteni alisema, kidole chake kikipita polepole juu ya nishani zilizopangwa kwenye mto mdogo mwekundu wa kitambaa. "Orodha yangu ina tisa."

Chumba kizima kikanigeukia mimi, msichana wa kazi. Nilikuwa nimesimama kando ya kabati. Ya tisa ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, imenilalia pajani, nzito kuliko ukubwa wake.

Miaka minne nilimtunza Jenerali, huyu aliyekuwa sasa jenezani akisubiri kuvikwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye kiti chake kinachotazama mlango, nami nikaketi kwenye stuli na kitambaa na kopo la dawa ya shaba, nikazisugua nishani moja moja. Cheo alinipa mwenyewe.

"Koplo."

"Koplo tu, Mzee? Mwaka wa nne huu!"

"Shukuru. Mimi mwaka wa nne nilikuwa bado naosha masufuria ya wenzangu."

Tulicheka. Lakini nilipofika kwenye ya tisa aliniwekea mkono juu ya mkono. "Hiyo iache." Ikaachwa, ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria.

Kila saa kumi alasiri ikigonga, aliweka kola yake sawa. "Koplo, fungua. Wamefika."

Nilifungua. Baraza tupu, kapeti la kufutia miguu, jua.

"Waambie wakae."

Siku za kwanza nilimwambia hakuna mtu, akalia kwa kisauti ambacho sikukitarajia kutoka kifua kile. Nikajifunza kusema, "Wamekaa, Mzee."

Siku moja ya mvua alinieleza ni akina nani. Vijana wake thelathini na mmoja walikuwa bado ng'ambo ya mto, wanakimbilia darajani, adui nyuma yao. Mzee akaamuru daraja lilipuliwe. Mji ukapona, yeye akavikwa nishani.

"Niliinua mkono kutoa amri," alisema. "Yule wa mbele akadhani nampungia. Akanipungia kofia."

Maji yalitiririka kwenye kioo cha dirisha. Sikujua pa kuweka macho.

"Nikifa, hii isinifuate. Vijana wale wakinikuta nayo kifuani nitawaambia nini? Niahidi, mwanangu."

Siku hiyo hakuniita Koplo. Nikaahidi.

"Ni nani mwingine anayezishika?" Dada, binti mkubwa wa Jenerali, aliuliza, amesimama kando ya kapteni. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio. "Tumekuachia nyumba nzima, wewe. Sasa unaiba mpaka kwa maiti?"

"Sijaiba, Dada."

"Basi iko wapi?"

Ningeweza kusema. Ningemwambia, mbele ya wanajeshi sita, baba yake alikuwa akilia nini saa kumi. Niliogopa kuitwa mwizi kuliko nilivyomwogopa marehemu. Nikatia mkono mfukoni.

"Nilikuwa naisafisha."

"Huku ndiko kusafisha?" kapteni alisema, akiigeuzageuza. "Mbona kama imetoka jikoni? Haya, dakika tano."

Nikakaa kwenye stuli yangu, mbele ya kiti kitupu, nikasugua. Weusi ulihamia kwenye kitambaa, kisha kwenye vidole. Zile nane nilikuwa nimezifuta miaka minne, mpaka maandishi yamelika. Hii, ambayo haikuguswa, ilisomeka herufi kwa herufi.

"Kwa ujasiri, darajani," kapteni alisoma kwa sauti.

Dada akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba uingie. "Kumbe ndiyo nzuri kuliko zote."

Wakazibandika kwenye koti la marehemu, ile ikawa juu kabisa. Jeneza likafungwa. Hakuna aliyeniuliza tena kitu.

Siku hizi napiga pasi nguo za watu kwenye chumba nilichopanga. Wateja wananisifu: kola zangu hazina mkunjo. Ikifika saa kumi naiweka pasi pembeni, nafungua mlango. Korido tupu, ndoo ya jirani, jua.

Siwaambii wale vijana wakae. Nakaa mimi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuulizwa iko wapi ahadi yake.

Hawajaniuliza bado.