Kompyuta Mbili Zilizoitwa Pazi

Tangu Raya aje kukaa kwa dada yake Zuleha, pale Kihonda, printa ya nyumbani ilikuwa haitulii. Asubuhi ilichapa vizuri tu. Raya akirudi kutoka chuoni Mzumbe na kuwasha kompyuta yake, printa inapotea kwenye mtandao. Zuleha alikuwa anaishi kwa kuchapa kadi za harusi hapo sebuleni, na kadi za mteja wa Kilakala hazikuwa zimefika hata nusu.

"Kabla hujaja, mashine hii haikuwahi kunisumbua," alisema bila kugeuka.

Raya akafunga kompyuta, akaenda chumbani. Zuleha alipomfuata alimkuta anakunja nguo.

"Nitaomba nafasi hosteli, dada."

Zuleha akakaa kitandani. Hakutaka mambo yafike huko. "Acha hizo nguo, mdogo wangu. Njoo tutazame wote."

Wakazima kila kitu, kisha wakawasha kimoja kimoja. Printa na kompyuta ya Zuleha zikaelewana. Ya Raya ilipowaka, likatokea onyo kwamba anwani yake, yaani namba yake ya mtandao, inatumiwa na kifaa kingine. Raya akabonyeza vitufe vya printa mpaka ikatoa karatasi yenye namba zake. Akazilinganisha na za kompyuta yake.

"Tazama. Namba ni ileile. Fundi aliyeifunga printa aliipa namba ya kudumu, lakini ruta, hicho kisanduku kinachogawa mtandao, haina habari. Inaona namba iko wazi, inanipa mimi."

Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akaitenga namba hiyo iwe ya printa peke yake. Kompyuta yake ikapewa nyingine. Lakini alipotaka kumtumia dada yake faili, kikwazo kingine: kompyuta zote mbili ziliitwa Pazi. Baba yao ndiye aliyezinunua, akaziwekea jina lake kabla ya kuwapa. Moja ilipaswa kubadilishwa jina, na hakuna aliyetaka iwe yake.

Wakampigia baba huko Matombo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Huku mvua tangu alfajiri."

Zuleha akamweleza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Niliandika jina langu zisije zikapotea kwenye basi. Sasa si zenu? Andikeni yenu!"

Raya akaandika lake papo hapo. Zuleha alikawia kidogo, kisha naye akaandika. Kompyuta zote zikiwa zimewaka, akatuma kadi. Printa ikaanza kuunguruma.

"Yale maneno yalinitoka vibaya," Zuleha alisema.

"Nilijua ni hasira za printa tu, dada."

"Hukujua."

Raya akatabasamu. "Kweli, sikujua."

Akavuta kiti, akachukua mkasi, wakaanza kukata kadi pamoja.