Kidole cha Mama Peter

"Jaribu tena, mama. Bonyeza taratibu, usikisukume."

Hildegarda akaweka kidole gumba juu ya kioo kidogo cheusi, akangoja. Kitasa kikatoa mlio mfupi, kisha ile sauti ya mwanamke iliyofungiwa ndani yake ikasema maneno yale yale ya Kiingereza. Hakuhitaji mkalimani. Tangu asubuhi alikuwa ameshaelewa kwamba mwanamke yule anamkataa.

Fundi Melkizedek akamfuta kidole kwa kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, akahamia mkono wa kushoto. Vyote vilikuwa vimelainika, vinang'aa, havina mstari hata mmoja. Akauliza kama mama aliwahi kuungua. Hildegarda akacheka, akamwonyesha kwa kidevu rundo la nyuzi za katani lililokuwa kibarazani. Alianza kusokota kamba akiwa msichana kwenye kambi za mashamba ya mkonge kule Kimamba, na sasa ni mjane mwenye wajukuu, bado anasokota. Mkonge hauna adabu. Unakula ngozi kidogo kidogo, na mistari nayo imo humo humo.

"Basi hapa tumekwama," alisema fundi. "Itabidi uchukue hiki cha namba."

Maboksi mawili yalikuwa juu ya mkeka. Doris, binti yake, anayetandika vitanda katika hoteli moja Mikumi, ndiye aliyemtuma fundi na vitasa viwili, mama achague kimoja na kingine kirudi dukani. Kule hotelini, alisema kwenye simu, watu hawatembei tena na funguo. Yeye alipendelea cha kidole, kwa sababu namba mama angeisahau, au vibaya zaidi angemwambia mtu. Hakusema mtu gani. Hakukuwa na haja ya kusema.

Hildegarda akainuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi akakaa. Siku hizi ndivyo alivyokuwa. Akianza kusokota kamba huacha katikati, akaenda kutikisa mlango, akarudi akakuta nyuzi zimejifungua. Chai aliisahau ikapoa. Watu wa mtaa wake wa Magomeni walidhani ni hofu ya wezi, maana tangu reli mpya ianze kupimwa, Kilosa ilikuwa imejaa sura zisizojulikana. Lakini haikuwa hofu ya wezi. Ilikuwa aibu, na aibu haina kitasa.

Mambo yalikuwa hivi. Alikwenda Magole kuuza kamba zake mnadani, na kama kawaida ufunguo wa pili ukabaki kwa jirani. Pale mtaani ndivyo wanavyoishi: mvua ikinyesha nguo ziko kambani, mgeni akifika mwenyewe hayupo, kuna mtu wa kufungua. Jirani huyo ni Coletha, mama Peter, Msukuma aliyehamia na mumewe Nyanda baada ya kuuza ng'ombe wao, na sasa anauza maziwa mgando. Kwa miaka mingi ufunguo wa Hildegarda ulikaa kwenye fundo la pindo la kanga ya Coletha. Alipika nao, alikwenda nao kanisani. Siku ile Hildegarda aliporudi kutoka Magole, mlango ulikuwa umefungwa vizuri, madirisha mazima, na televisheni aliyonunuliwa na Doris haipo.

Mwinshehe, mwenyekiti wa mtaa, alikuja akasimama katikati ya chumba akauliza ni nani mwingine mwenye ufunguo.

"Mama Peter," alisema Hildegarda.

Alisema kweli tupu, akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomkosesha raha. Kesho yake Nyanda aliitwa ofisini, akakalishwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka alasiri, kila mpita njia akimtazama. Hawakupata kitu, wakamwachia. Watu wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wakaongeza yao kuhusu watu wa kuja na ng'ombe wao. Katarina wa nyumba ya pili ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hildegarda alisikia, akaendelea kusokota kamba, yeye ambaye baba yake mwenyewe aliletwa kutoka Songea kukata mkonge na hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Tangu hapo Coletha alimsalimia kila siku, wala hakukosa hata siku moja. Ila hakuja tena kuomba chumvi. Na Hildegarda akipita nyuma ya nyumba yao, mtu na mkewe hugeuza mazungumzo yakawa Kisukuma.

"Namba yoyote," fundi alikuwa anasema, amekwisha kufungua boksi la pili. "Ila isiwe ya mwaka wako wa kuzaliwa."

Hildegarda akamwambia kwamba baba yake alikuwa manamba, mnyapara alimwita kwa namba ya kipande, kadi yake ya kazi, ujana wake wote, na yeye asingependa mlango wake nao umtake namba. Fundi akacheka kwa heshima. Akasema siku hizi hata benki ni namba.

"Na jirani je? Nikitaka anifungulie?"

"Unampa namba. Lakini ujue ukishampa umempa. Ufunguo unaweza kumdai mtu akakurudishia. Namba hairudi, mama."

Hapo ndipo hodi ilipobishwa, na ilikuwa ya Coletha. Alisimama kizingitini, mikono ina harufu ya maziwa, akatazama maboksi, akamtazama fundi na bisibisi yake.

"Shikamoo, mama Doris."

"Marahaba, mama Peter. Karibu ukae."

Hakukaa. Akavuta pindo la kanga, akalifungua fundo kwa meno kwa jinsi lilivyokuwa limekaza, akauweka ufunguo juu ya kigoda. Ulikuwa na joto la mwili wake bado.

"Nimeurudisha. Naona hautakuwa na kazi tena."

"Si mimi, mama Peter. Ni Doris na mambo yake ya Mikumi."

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema Coletha, kwa upole kabisa, akaondoka. Pindo la kanga yake lilibaki na makunyanzi pale fundo lilipokuwa.

Hildegarda akaukamata ule ufunguo akaufumbata. Fundi, kijana wa watu, aliona hali si nzuri akajishughulisha na mlango. Alitaka kukitoa kitasa cha zamani, na ili kitoke ilibidi ulimi wake urudi ndani. Kumwomba mama ufunguo aliofumbata aliona si adabu. Basi akatoa mfukoni funguo zake mwenyewe, akachomeka mmoja, akazungusha. Ulimi ukaingia. Akazungusha tena, ukatoka.

"Huo umeupata wapi?" aliuliza Hildegarda.

"Huu? Ni wa chumba ninachopanga Mikumi."

Alijibu bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeulizwa saa. Baadaye ndipo alipouona uso wa mama, akaacha kazi akaeleza. Vitasa vya namna hii viliingia kwa makontena miaka ile ya ruksa ya bidhaa za nje. Kwa nje kila kimoja kina urembo wake, ndani ni kile kile. Mafundi wote wanajua. Mtu mwenye funguo tatu nne za aina hii anaingia nusu ya nyumba za mji, na wezi nao wanajua.

Hildegarda aliikumbuka miaka hiyo. Baada ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, ghafla maduka yalijaa. Duka moja karibu na stesheni lilileta vitasa vya rangi ya dhahabu, na mtaa mzima ukanunua, wanawake wakivifuta kwa kitambaa kila Jumamosi. Alikuwa miongoni mwao. Aliringa sana na kitasa kile.

Akatoka na ufunguo mkononi mpaka kwa Katarina, aliyekuwa anamenya mihogo uani. Hakumweleza lolote. Alichomeka ufunguo kwenye mlango wa mwenzake, akauzungusha, mlango ukafungika, akauzungusha tena, ukafunguka. Katarina alibaki na kisu mkononi na muhogo nusu umemenywa.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Coletha. Alimkuta nyuma ya nyumba anachuja maziwa, amekaa kwenye kigoda kifupi, chujio limefungwa mdomoni mwa ndoo. Hildegarda akamsimulia yote kwa haraka, ufunguo wa Mikumi, makontena, mlango wa Katarina. Alisimulia kama mtu aliyeleta habari njema, akangoja.

"Kwamba si mimi, nilikuwa najua," alisema Coletha. "Kwangu hiyo si habari."

Maziwa yakaendelea kushuka. Hildegarda akakaa chini, kwenye vumbi, mtu mzima na kanga yake safi.

"Mwenyekiti aliponiuliza, nilitaja jina lako nikanyamaza. Nilitakiwa niendelee kusema."

"Useme nini?"

"Kwamba hata ningekukuta umeibeba ile televisheni kichwani, ningejua unaipeleka kwa fundi."

Mdomo wa Coletha ukacheza kidogo, ikawa karibu kicheko, kisha akakizuia. Akasema polepole kwamba Nyanda mpaka leo hapiti ile barabara ya ofisini. Anazunguka kwa huko mtoni, hata mvua zikinyesha. Maji yakimwagika hayazoleki, na Hildegarda alijua hakuja na chombo cha kuzolea.

"Njoo uweke kidole chako," alisema mwishowe. "Kwenye kitasa kipya."

"Ili siku kitu kikipotea kitasa chenyewe kinitaje?"

"Changu kimekataliwa. Vidole vyangu vimekwisha, mkonge umevila. Nikitoka, nitakaporudi nitakuja kwako nikuombe unifungulie nyumba yangu."

Coletha akaacha kuchuja, akamtazama.

"Na nisipokuwepo?"

"Nitakaa kibarazani nikungoje."

Coletha akainamia ndoo yake, akaendelea kuchuja. Hildegarda akajikung'uta vumbi akarudi kwake, akamwambia fundi afunge cha kidole.

Melkizedek alidhani hakusikia vizuri. Akaeleza upya, kwa subira, kwamba kitasa hiki hakimjui na hakitamjua. Akampigia simu Doris, na Doris akapaza sauti mpaka ikasikika nje ya simu: huo si ulinzi, mama anamfungia nani mlango, anajifungia yeye mwenyewe? Hildegarda akamwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba ule ufunguo mdogo wa dharura uliokuja na kitasa, fundi atampelekea Mikumi akae nao, na kwamba kidole chake Doris kitasajiliwa atakapokuja kusalimia, kikiwa cha pili.

"Cha kwanza cha nani?" Doris aliuliza, na mama yake akakata simu.

Fundi akafunga kitasa. Kilikaa vizuri mlangoni, cheusi, na taa yake ndogo ya buluu ikaanza kupepesa. Akasema kinasubiri kujulishwa mtu, na kwamba kikikaa hivi bila kumjua mtu kinamfungukia yeyote mwenye kidole kinachosomeka, kwa hiyo hakina tofauti na kile cha zamani. Akatazama saa. Gari la mwisho la Mikumi lilikuwa karibu kuondoka, na kusajili ilikuwa kazi yake, mama asingeiweza. Akapanga bisibisi ndani ya mkoba, akazitoa, akazipanga tena.

Hildegarda aliegemeza jiwe la kusagia mlangoni usije ukajifunga, akakaa kibarazani, akavuta nyuzi za katani. Akaanza kusokota juu ya paja, mkono ukienda na kurudi. Safari hii hakuinuka kutikisa mlango. Masikio tu ndiyo yaliyokuwa upande wa pili wa ua, yakisikiliza maziwa yakidondoka ndooni, mpaka yakaacha kudondoka.

Akainua macho. Coletha alikuwa amesimama karibu na ndoo yake, uso ameuelekeza huku. Alichovya mkono kwenye beseni la maji, akautikisa. Kisha akashika pindo la kanga, pale penye makunyanzi, akaanza kukausha kidole gumba, taratibu, mbele na nyuma.