Mkono wa Kuku

Hapa Kurui tumezoea pikipiki ya vyuma chakavu, ile inayopita na spika ikitaka masufuria mabovu na betri zilizokufa. Siku ile spika ilitaka mengine: "Vitabu chakavu! Kalenda za zamani! Kadi za harusi, tiketi za basi, maboksi ya kiberiti!" Nikasema huyu jua limemchoma.

Nilikuwa barazani kwangu na Biasha, shoga yangu tangu darasa la kwanza, tunachambua kunde. Biasha hapitwi na jambo. Akampungia mkono. Akashuka mtu mzima mwenye mvi na miwani.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetafuta takataka?"

"Naitwa Anselmi, bibi. Nina duka Misugusugu, pale barabara kuu. Nauza makaratasi ya kale. Watu wa Dar wanayatia kwenye fremu, wanatundika sebuleni. Juzi mmoja kanunua kadi ya harusi ya mwaka sabini na nne."

"Ya ndugu yake?"

"Hapana, hawajui hata."

"Sasa anakwenda harusini, au?" Biasha akauliza.

Anselmi akatuelewesha, kwa adabu, kwamba karatasi kadiri inavyozeeka ndivyo bei yake inavyopanda.

"Basi Mungu angetuumba karatasi," Biasha akasema. Halafu akanigeukia. "Maua, si unacho kile kitabu cha marehemu mumeo? Kile unachokifungia sandukuni? Mtolee."

Nikainamia kunde zangu.

Nisiwafiche: kitabu kile hakikuwa cha marehemu, ingawa ndivyo nilivyomwambia Biasha. Kilikuwa cha shule, kitabu cha ufugaji wa kuku. Biasha ndiye aliyekiazima, tukiwa darasa la nne, nami nikakichomoa kwenye mfuko wake kwa ajili ya picha moja ya jogoo mwekundu. Nilitaka nimrudishie kesho yake. Kesho yake mwalimu akamchapa fimbo sita kwa kupoteza mali ya shule, nikaogopa. Kesho kutwa nikaogopa zaidi. Uongo ukishakaa nao nyumba moja miaka hamsini na nane, unakuwa kama mume: humpendi, humfukuzi.

Tena kitabu chenyewe nilikisoma. Kuku wangu wanajulikana hadi vijiji vya jirani. Wa Biasha wanakufa kila mwaka kwa mdondo. Akiniuliza siri yangu, namjibu, "Ni mkono tu, shoga. Wengine Mungu katupa mkono wa kuku."

Ukurasa wa mbele wenye muhuri na majina ya walioazima niliufunika kwa karatasi ya kaki, nikaibandika kwa uji wa muhogo. Siku ile nikaona mlango umefunguka: kitabu kiende Misugusugu, kikatundikwe ukutani kwa mtu wa Dar, nami nife nikiwa bado na shoga yangu. Nikaingia ndani, nikakileta.

Anselmi akakigeuza, akakinusa. "Bibi, kisafi mno."

"Usafi umekuwa kosa?"

"Siku hizi watu wanatoa kopi, wanaichemsha na majani ya chai ili ionekane ya kale. Lazima nione muhuri." Kidole chake kikasimama juu ya ile kaki. "Hapa pamefichwa kitu."

"Paache hapo, baba, patachanika."

"Ndiyo kazi yangu, bibi."

Akatoa kitambaa, akakilowesha, akapangusa taratibu. Uji ule niliuamini kuliko saruji. Ukabanduka kama utandu wa maziwa.

"Muhuri huu hapa! Na majina!" Anselmi akafurahi kama kaokota mtoto. "Wa mwisho ni... Biasha binti Kondo, darasa la nne."

Biasha akaweka ungo chini. Akakichukua kitabu mikononi mwa Anselmi, akafunua ukurasa mmoja mmoja. Jogoo mwekundu. Banda. Vifaranga. Kisha akainua macho, akawatazama kuku wangu uwanjani mmoja mmoja, kama anawaita mashahidi.

"Maua."

"Abee."

"Nilikuuliza siri ya kuku wako."

"Uliniuliza."

"Ukasema ni mkono."

"Nilisema."

"Hukunidanganya. Ni mkono. Mrefu."

Anselmi akacheka, akaona yuko peke yake, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Nisamehe, shoga."

"Fimbo sita, Maua. Na mwalimu yule alikuwa wa mkono wa kushoto, hujui ukwepee wapi."

Anselmi, mfanyabiashara huyo, akaona apenye hapo. "Sasa mama zangu, kwa muhuri huu bei imepanda. Namlipa nani?"

"Hakiuzwi," Biasha akasema. "Nimekiazima. Sijakisoma hata ukurasa."

"Bibi, kilitakiwa kirudi Juni sitini na saba!"

"Nimechelewa, najua. Nilishachapwa tayari."

Akakifunga ndani ya kanga, akaondoka bila kuniaga. Kunde zake akaniachia.

Siku tatu hakuja. Nimeuguza, nimelea, nimengoja mvua zisizokuja, lakini kungoja kule kulinikondesha. Siku ya nne asubuhi nikasikia kiti cha barazani kinalia. Biasha huyo, na kitabu mapajani.

"Maandishi madogo haya siyaoni. Nisomee."

Macho yangu mie hayana nafuu, na shule yangu iliishia darasa lilelile la nne, lakini nikaweka kidole nikaanza. Tangu hapo ni kila siku. Nikisema nimechoka, ananijibu, "Mie nikichapwa sikupumzishwa."

Wiki iliyopita spika ikapita tena. Anselmi akazima pikipiki. "Bibi Biasha, mmemaliza?"

"Tuko ukurasa wa kumi na moja."

"Kwa mwendo huo si mwakani!"

"Una haraka ya nini? Si ulisema kikizeeka bei inapanda?" Akanigonga goti. "Maua, rudia pale penye mdondo."