Matusi ya Bi Wahida

Sophia, binti wa gazeti aliyetoka Dar asubuhi ile, aliuliza swali ambalo Mikdad alilidharau kuliko yote: anaandikaje? Mikdad akamtazama kwa huruma ya kujitia, akamwambia kwamba huamka kabla ya adhana, hutembea ufukweni kimya kimya, husubiri wahusika wake waje wenyewe wamnong'oneze. Binti akaandika kila neno. Akapiga na picha: mwandishi, meza, kikombe cha kahawa. Mikdad hata kahawa hanywi, inamletea kiungulia.

Uongo mtupu. Ufukweni alikwenda kununua samaki tu, na wahusika hawakuwahi kumjia hata mmoja. Aliwacheka waandishi wanaokuja Bagamoyo kutafuta utulivu, wanaopanga vyumba vyenye upepo wa bahari na kurudi mjini na kurasa tatu na mafua. Utulivu! Utulivu ulimkausha. Yeye aliandika kwa hasira, na hasira yake ilikaa upande wa pili wa ukuta wa ua.

Upande huo aliishi Bi Wahida, mjane wa mwenye maduka, mwanamke mwenye nyumba tatu mjini na ulimi uliozidi zote kwa ukubwa. Kila asubuhi alikunywa chai uani na mdogo wake, Bi Ashatu. Na kila asubuhi Mikdad alisimama uani kwake, akasoma kwa sauti ukurasa alioandika jana. Alijidanganya kwamba anapima mwendo wa sentensi, kumbe anangoja.

"Ashatu," sauti ingesikika, "huyu hana hata kuku wa kufukuza? Mwanamume mzima, kazi yake kuusomea ukuta!" Au: "Kitabu hicho hata mende akikionja atatema."

Hapo ndipo masikio yake yalipowaka moto. Aliingia ndani, akakaa, kalamu ikakimbia mpaka adhuhuri. Bi Wahida alikuwamo katika vitabu vyake vyote: mama wa kambo, mwenye nyumba asiye na huruma, wifi mchawi. Wasomaji walimsifu Mikdad kwa wanawake wabaya wa vitabuni mwake. Katika kitabu cha pili alichukua hata kifo cha Raya, binti pekee wa Bi Wahida, aliyefariki kwa uzazi, akakitia chumvi: mama wa kitabuni alimnyima binti yake nauli ya hospitali kwa uchoyo. Haikuwa hivyo, na mtaa mzima ulijua haikuwa hivyo. Mikdad aliona hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, akalala usingizi wake vizuri.

Sasa kitabu kipya kilibakiza sura moja tu, ile ambayo mwanamke mbaya, aliyepewa jina la Bi Sikuzani, anakufa bila mtu wa kumfumba macho. Mchapishaji alikwisha choka kupiga simu. Mikdad alihitaji asubuhi chache tu za matusi mazito, basi, angemuua yule mwanamke wa kitabuni akamaliza.

Badala yake alipigiwa hodi.

Bi Wahida hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Aliingia na buibui lake jipya, akaamkiwa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Nimejaaliwa kwenda Hija mwaka huu," akasema. "Jumamosi tunaondoka, inshallah. Napita kwa majirani. Nimekutolea maneno mengi, Mikdad. Mengine umeyasikia, mengine hukuyasikia. Niwie radhi."

Mtu mwingine angemwona mwanamke mzima aliyejishusha. Mikdad aliona sura ya mwisho inaondoka na pasipoti. Na akirudi atakuwa Hajati, ulimi umetubu, hatamtukana mtu tena mpaka anaingia kaburini.

"Umenifanya wa mwisho, siyo?" akamchokoza. "Umeanza na wenye pesa zao."

"Kweli. Niwie radhi na kwa hilo."

"Na ile pilau yako ya Maulidi ilikuwa na mawe."

"Ilikuwa nayo," akakubali Bi Wahida. "Tulichambua mchele ovyo."

Mikdad aliuchukia upole ule kama alivyowachukia waandishi wa hotelini. "Nitafikiri," akasema, akasimama kumwonyesha mlango. Alijua fika kwamba hakuna anayependa kwenda Makka huku nyuma ameacha kinyongo cha jirani. Acha aungue, akawaza. Akiungua atatukana.

Asubuhi ya pili yake alichagua ukurasa wenye sumu kuliko zote, akausoma kuelekea ukutani kwa sauti ya mpiga mnada. Kikombe kikagonga kisahani. Akasubiri, shingo imemsimama.

"Nakusikia, mwanangu," sauti ya Bi Wahida ikasema. "Mungu akufanyie wepesi."

Wepesi! Mikdad alikaa mbele ya karatasi mpaka adhuhuri, hakuandika hata neno. Wala siku zilizofuata hakuandika.

Jumamosi mtaa ulijaa. Kasida, udi, wanawake wanalia na kucheka kwa pamoja, na gari la kwenda uwanja wa ndege limekwisha washwa. Bi Wahida hakupanda. Alisimama ameelekea mlango wa Mikdad, na watu wote wakageuka kutazama huko huko. Mwandishi, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaona hana pa kujificha. Akatoka, akasema haraka haraka kama anayefukuza inzi: "Haya, nimekuwia radhi."

"Ahsante," akasema Bi Wahida. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Huna radhi ya kuomba?"

Mikdad aliwatazama watu, na kwa kweli hakujua. Hilo ndilo la kutia kichefuchefu: hakujua. "Nimekukosea nini, Bi Wahida? Mimi sijakutukana hata siku moja."

Bi Wahida akacheka, kicheko kisicho na furaha yoyote.

"Yangu mimi yalikuwa maneno ya uani, yamekwenda na upepo. Yako yamepigwa chapa, yanauzwa. Raya nilimshika mkono mpaka akakata roho, Mikdad. Ukaja wewe ukaniulia mwanangu mara ya pili, kisha ukanisomea kwa sauti nikiwa nakunywa chai. Ulitaka nikujibu nini? Tangu hapo nilikutukana kwa sababu sikutaka unisikie nikilia." Akajitengeneza mtandio. "Nami nimekuwia radhi, usihangaike kuomba. Si kwa ajili yako. Ninakokwenda siwezi kwenda na uchafu wako."

Akapanda, gari likaondoka. Watu wakatawanyika, wakimpita Mikdad bila kumsemesha.

Ungedhani alikwenda kulia. Thubutu! Mikdad alikwenda kuandika. Masikio yanawaka: amepata alichokitaka, na zaidi. Akaketi, akamtia Bi Sikuzani kinywani maneno yale yale ya mlangoni, hakupunguza wala hakuongeza. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatia katika kitabu. Alijua si yake, akayaandika. Kisha, kwa mazoea, akachukua karatasi, akatoka uani, akaanza kusoma.

Alipofika kwenye "uchafu wako" sauti ikamkatika. Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo alikuwa ni yeye, na hapakuwa na namna ya kuyasoma yakawa ya mtu mwingine. Alitahayari peke yake pale uani, mtu mzima, jasho linamtoka. Akasimama kungoja. Japo tusi moja, la aina yoyote, limrudishie hasira yake amalize sura.

Upande wa pili mtu alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama.

"Bi Ashatu?" akaita. "Umesikia? Unaonaje?"

Bi Ashatu akasema, bila kupandisha sauti:

"Dada ameacha maagizo, Mikdad. Amesema ukianza kusoma, nisikujibu."

Akaendelea kufagia.