Kumsindikiza Prohor Mara ya Pili

Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la stesheni na kigauni cha kiangazi, na theluji bado haijaisha kando ya reli. Watu wa filamu walitaka iwe Julai ya mwaka arobaini na moja, vita vilipoanza. Kalenda ilisema Aprili ya hamsini na saba, lakini nani wa kuwaambia? Walifunga majani ya karatasi kwenye miti mikavu, wakamwaga maji jukwaani ili picha ing'ae, na sisi wanawake mia mbili wa kiwanda cha nguo tukaambiwa tusitetemeke.

"Hebu tulia, Taisia," mama mkwe wangu, Agafya, alinikaripia. "Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Miguu inaganda, mama."

"Miguu! Sema moyo."

Alisema kweli, mzee yule. Miaka kumi na sita nyuma, kwenye stesheni kama hii, nilimsindikiza mume wangu Prohor, mwanawe wa pekee, nikamlilia kwa sauti mbele ya treni nzima. Kwetu mtu aliye hai haombolezwi. Ukimlilia hivyo anayekwenda vitani, umeshamzika. Agafya alinizaba kofi palepale, na Prohor akaondoka akituona hivyo. Oktoba ikaja barua: amepotea, hajulikani alipo. Tangu hapo tunaishi chumba kimoja, mimi na Agafya. Hajawahi kunitamkia kwamba ni mimi niliyemuua mwanawe, na wala hakuhitaji kunitamkia. Yeye mwenyewe hajatoa hata chozi moja, maana kwake Prohor yu hai. Buti zake anazipaka mafuta kila mwaka zisikauke.

Ndiyo maana nilikuja. Filamu yao haikunihusu. Nilitaka Agafya anione nikisindikiza mtu kwa macho makavu, japo mara moja, japo kwa uongo.

Mwongozaji, Rostislav Pavlovich, alikuja akichechemea. Mguu wake mmoja haukunjiki tangu vitani. "Kina mama! Treni ikianza, mkono unashika mkono, unavutwa, unaachia, halafu unabaki hewani. Kamera itakimbia na mikono yenu. Na mlie! Nataka kilio!"

"Ndugu mwongozaji," mwanamke mmoja akapaza sauti, "kwani wewe ulisindikizwa na mbuzi? Sisi hatukulia. Tulicheka, tukacheza, tukaenda kulia nyumbani!"

Watu wakaangua kicheko. Mwongozaji naye akacheka, akajikuna kichwa. "Haya, basi. Fanyeni kama mlivyofanya."

Agafya akanitupia jicho. "Wengine wasifanye kama walivyofanya."

Nikasogea kwenye treni. Askari niliyepangiwa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye jino la dhahabu, amejibana dirishani na wenzake.

"Tuongee nini, dada?" akaniuliza.

"Usiongee kitu. Nipe mkono."

Filimbi ikalia, mabehewa yakagongana. Mpiga picha akapita na kigari chake. Mkono wangu ukavutwa, nikakimbia, nikacheka, nikaachia. Mkono ukabaki hewani kama alivyotaka yule bwana. Sikulia. Treni ikaishia kwenye kona na moshi ukatufunika wote.

Nilipogeuka, Agafya alikuwa ananitazama. Akaniitikia kwa kichwa, mara moja tu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Kata! Tunarudia!" mwongozaji akapaza sauti.

Hakuna aliyekuwa ametuambia jinsi wanavyorudia. Tulikuwa tunafunga vizuri vitambaa vyetu pale filimbi iliposikika nyuma ya kona. Treni ilikuwa inarudi, kinyumenyume, polepole, na wale wanaume wote wamening'inia madirishani, wanavuta sigara, wanacheka, wanatupungia kofia. Wazima wote, hakupungua hata mmoja.

Wanawake mia mbili tukaacha vitambaa vyetu nusu vimefungwa.

Agafya ndiye aliyetangulia kusogea. Alianza kutembea kando ya mabehewa, akichungulia dirisha moja baada ya jingine.

"Mama," nilimkimbilia, "mama, hao waigizaji tu!"

Hakunisikia. Behewa la kwanza, la pili, la tano. Wanaume wakaacha kucheka. Wengine wakavua kofia bila kujua kwa nini. Alifika behewa la mwisho, akazunguka nyuma yake kutazama kama kuna jingine. Kulikuwa na reli tu.

Akarudi, akaketi juu ya sanduku la mtu. Akafungua kitambaa kichwani, mvi zikamwagika mabegani, na kilio kikamtoka, kilio kile cha msibani, na jina la Prohor ndani yake. Msaidizi mmoja alikuwa anatupigia kelele turudi kwenye nafasi zetu. Mwongozaji akamwambia afunge mdomo.

Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe nikiwa nimeuma midomo, kwa sababu bado sikujua kama nina ruhusa ya kulia. Agafya akakivuta kichwa changu mapajani mwake.

"Lia, Taisia," akasema. "Lia na wewe, mwanangu. Hayumo."