Viti vya Wafu wa Mashariki

Jumatatu asubuhi Mama Chai wa Wizara ya Mambo ya Nje alikuwa akisuuza vikombe aliposikia viti vikiburutwa ukumbini. Akajua wafu wamefika. Akaongeza maji kwenye birika.

Wafu wa mashariki, ambako rais ni adui yetu, walikuwa wamepigwa risasi wakidai uchaguzi, na kila kundi lao lilipofika wizara ililipokea vizuri. Walikaa kwenye viti vyenye mito, wakapewa chai iliyowavuja kifuani na kulowesha zulia, kisha Msemaji wa wizara akasimama na kusoma rambirambi za taifa. Kila alipofika kwenye "mashujaa wa demokrasia," walifumba macho mmoja mmoja na kutoweka, wakaenda kulala kama wafu wengine.

Wafu wa kusini nao walipigwa risasi wakidai uchaguzi. Lakini rais wa kusini hutuuzia mafuta kwa bei ya udugu, kwa hiyo huko wizara haikuona maiti, iliona hali ya utulivu. Hao walisimama uani karibu na jiko, macho wazi, maana aliyeuawa namna ile hafumbi macho mpaka serikali imtaje. Walinzi walilalamika kwamba wanaziba njia ya magari, kwa hiyo wafu wakachorewa mstari mweupe wasimame nyuma yake.

Jumatatu hiyo Mama Chai alipoingia ukumbini na sinia alimwona bintiye safu ya pili, kati ya wafu wa mashariki. Alikuwa muuguzi, ameolewa kusini, na simu za huko zilikuwa zimekatwa, ndiyo maana mama hakuwa na habari. Binti alivaa sare yake ya kazi, na tundu la risasi lilikuwa chini kidogo ya mfuko wa kalamu. Mama hakuangusha sinia. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

Aliyekosea ni Bwana Itifaki, mpokea wageni. Matundu yanafanana, vumbi la miguuni linafanana. Alimkuta binti getini, mpole, hana makuu, akamshika mkono akamkalisha na wa mashariki.

Mama Chai akawamiminia wote chai. Moyoni alimwomba Mungu Msemaji asome upesi, kwa kuwa kope za mwanawe zilishaanza kuwa nzito.

Ila Msemaji alikuwa na mazoea ya kupeana mikono kwanza, na kila mmoja alimwuliza ametoka wapi. Alipofika safu ya pili, Mama Chai alisimama nyuma yake na birika, akamtikisia bintiye kichwa taratibu. Mtoto huyu alilelewa kwa sala na kwa fimbo, na fimbo zote zilikuwa za kumkanya uongo. Sasa mama aliomba adanganye, mara moja tu, na alimwomba Mungu yule yule.

"Natoka kusini," binti alisema.

Msemaji akauachia mkono wake kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Akamwambia Bwana Itifaki amsindikize. Binti akainuka bila ubishi, akashukuru kwa chai.

Mama Chai akamfuata Msemaji pembeni. "Baba, yule ni mwanangu. Msomee na yeye, hata kwa sauti ya chini."

"Pole sana, mama yangu. Lakini kusini hakuna aliyekufa."

"Si umemshika mkono?"

"Nimemshika." Msemaji akarekebisha tai. "Chai ya leo imekolea, mama. Hongera."

Akarudi mbele, akasoma. Viti vyote vikabaki vitupu.

Mchana Mama Chai alitoka uani na kigoda cha jikoni. Binti akakaa, lakini macho hayakufumba. Rambirambi zile mama alikuwa amezisikia mpaka zikamkaa kichwani. Akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama wima, akazisema zote bila karatasi: kwa majonzi makubwa, taifa letu, mashujaa wa demokrasia. Wafu wengine walisogea hadi kwenye mstari kusikiliza. Alipomaliza, hakuna aliyepepesa macho.

"Umesoma vizuri, mama," binti alisema. "Ila siyo wewe."

"Siyo mimi," mama akakubali.

Kengele ya ghorofani ikalia. Balozi wa kusini alikuwa amefika kutia saini mkataba wa mafuta, na aliomba chai. Mama Chai akamwambia bintiye asisumbuke kuinuka, abaki hapo hapo kwenye kigoda. Akachukua sinia, akapanda.