Dorothea na Boti Isiyosogea

Kama kuna mtu ambaye Watanzania wote wa Maryland na Virginia walikuwa na namba yake ya simu miaka ile, basi ni Dorothea. Namba ya padri unaweza kuipoteza ukaomba kwa jirani, lakini ya Dorothea, weee, hiyo unayo kichwani. Fundi huyo! Kasoma chuo cha ufundi Arusha, kavuka bahari, kaishia gereji ya mabasi ya shule kule Annandale, mwanamke peke yake gereji nzima. Gari lako likikohoa tu, unampigia Doro. Anakuja, analala chini ya gari hapo hapo mlangoni kwako, anatoka na oili mpaka kwenye nyusi. Unamwekea wali, anakula amesimama, anaondoka.

Kwake sasa? Hakuna aliyewahi kukanyaga.

"Naishi Waterfront," ndivyo alivyokuwa akijibu, akitaja kituo cha treni. Na aliwaona kabisa wanavyopiga picha vichwani: ghorofa, mlinzi mlangoni, lifti ya vioo. Akawaacha wapige. Jumuiya yao ya sala ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba, mwezi huu Bowie, mwezi ujao Adelphi, na kila ikifika zamu ya Dorothea lazima kitokee kitu. Mara jengo linapigwa dawa ya mende. Mara jirani ana kichanga, hataki kelele za nyimbo. Mara ovataimu. Mwenyekiti wao, Benadetha, ambaye wote tunamwita Mama Fredy, alikuwa anasema tu haya, zamu iende kwa mwingine. Dorothea anashusha pumzi. Halafu akirudi kwake anakaa kitandani na koti lake bado mwilini, muda mrefu tu.

Ukweli wenyewe ni kwamba Dorothea alikuwa anaishi kwenye boti.

Ndiyo, boti. Ndoa yake na Silvanus ilipovunjika, Silvanus akabaki na nyumba, yeye akabaki na sanduku la spana. Akaikuta hiyo boti gatini, mtoni Potomac, mzee mmoja anaiuza kwa haraka kwa sababu anahamia Florida kwa binti yake. Kuukuu hasa, imeundwa kabla Dorothea hajazaliwa, injini yake imezikwa tumboni chini ya mbao za sakafu. Ina kitanda, jiko la moto mmoja, choo cha kukalia upande. Alisema nitakaa kidogo tu nijipange. Kidogo ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Sasa utaanzaje kuwaambia watu? Mtu mzima, fundi wa kila mtu, halafu analala majini na usiku kucha kitanda kinamtikisa kama mtoto asiye na mama.

Mwaka huo, majani yalipoanza kudondoka, giaboksi ya boti ikafa. Unaweka gia, injini inanguruma hadi mabata wanaruka, na boti imetulia kama haijasikia. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, ikatoka nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungua. Klachi za ndani zimelika, hakuna dawa.

Na hapo ndipo Cheryl alipokuja. Cheryl ndiye msimamizi wa gati, mama mmoja Mmarekani wa kucheka sana ila sheria ni sheria. Akamkumbusha kwa upole kwamba msimu wa baridi haibaki gatini boti isiyoweza kujiondoa yenyewe; barafu ikija au moto ukizuka, kila mtu aweze kutoa ya kwake. Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, anapita kuangalia boti moja moja. Itoke, izunguke, irudi. Isipotoka, itavutwa na kamba kwenda yadi ya kuhifadhia boti, na yadini hairuhusiwi mtu kulala. Yaani ama boti isogee Jumamosi, ama Dorothea hana pa kulala.

Akapata giaboksi nyingine Annapolis, kwa jamaa aliyekuwa anavunja boti yake. Imetumika lakini nzima. Akaibeba kwenye pikapu akisema moyoni, mimi nashusha giaboksi za mabasi, hii ni nini?

Alhamisi, siku yenyewe ya Thanksgiving, wakati jumuiya nzima ilikuwa Bowie kwa Mama Fredy inakula bata mzinga kwa pilau, Dorothea alikuwa amelala kifudifudi tumboni mwa boti, kichwa chini miguu juu. Alikuwa amemwambia Mama Fredy ana ovataimu. Ovataimu ya mabasi ya shule, siku ambayo hakuna shule! Mama Fredy akasema haya, mdogo wangu, wala hakuuliza zaidi.

Kutoa ya zamani hakukumshinda. Injini ya boti ile ilikuwa imeegemea giaboksi kwa nyuma, kwa hiyo akaitegemeza kwanza na jeki na kipande cha mbao. Akafungua bolti za shafti inayokwenda kwenye panga la kusukuma maji, akaisukuma shafti nyuma kidogo, akafungua za giaboksi, akaivuta kwa mnyororo aliofunga kwenye boriti juu ya mlango. Ikatoka imejaa kutu na uchovu. Akaiweka juu ya kiti, akaiangalia, wakaangaliana. Gati zima kimya. Majirani wote wamekwenda kwa ndugu zao, taa moja inawaka mwisho kabisa kwenye boti ambayo haina mtu.

Shida ilikuja Ijumaa, kuingiza mpya. Kumbuka giaboksi ile ni nzito kama gunia la mahindi lililonyeshewa, na ina kishina mbele chenye meno, ambacho lazima kiingie kwenye tundu lenye meno nyuma ya injini, sawasawa kabisa. Huwezi kukiacha kibebe uzito, kitapinda, na hapo umeharibu vyote viwili. Kwa hiyo mtu mmoja awe juu anashusha mnyororo kidogo kidogo, mwingine awe chini anaielekeza. Dorothea akajaribu kuwa wote wawili. Anavuta mnyororo, anakimbilia chini, giaboksi imekwisha kugeuka. Anaigeuza, imeshuka mno. Anapanda, anashuka. Mara ya mwisho ikayumba ikambana kidole kwenye ubavu wa boti, akakaa hapo kwenye maji machafu ya chini, kidole mdomoni, na ndipo alipoelewa kwamba hii kazi haitaki nguvu. Inataka mtu.

Akatoa simu. Sasa sikia. Majina yote mle ndani yalikuwa na magari! Vaileth Kamri. Gichuki Breki. Kibet Rejeta. Alikuwa anaandika hivyo ili asichanganye, lakini siku hiyo, akishusha orodha na kidole kinachovuja damu, aliona kama simu ya gereji.

Akampigia Clement, mume wa Mama Fredy, maana Clement ana mabega. Kabla hajasema neno Clement akamdaka, eeh fundi, afadhali umepiga, hili gari likikata kona linalia kama paka, nilikuwa naona haya kukusumbua sikukuu. Dorothea akauliza, kona ya kulia au ya kushoto? Likamtoka tu. Wakazungumza gari. Akaahidi kupita Jumatatu. Akakata simu, na la kwake bado liko mdomoni.

Akaendelea kushuka kwenye orodha mpaka akafika kwenye jina moja lililokaa peke yake: Sikujua. Dada Mkongomani wa Bukavu, hajamaliza mwaka jumuiyani, anasafisha vyumba hotelini, na hana gari. Ndiyo maana jina lake halikuwa na kitu pembeni.

Akampigia. Akamwambia nina kazi inataka mikono miwili zaidi, nipo Waterfront, lakini, akasita, lakini usimwambie mtu. Sikujua akauliza tu kama avae viatu vya kazi.

Akaja na treni, akitembea gatini kwa uangalifu, mkoba kifuani, kilemba chekundu, na mfuko wa plastiki wenye mabaki ya pilau. Dorothea alikuwa amejiandaa kwa mshangao. Alikuwa na maelezo tayari, ni ya muda tu, unajua nyumba zilivyo ghali. Lakini Sikujua alivua viatu mlangoni kama anaingia nyumba yoyote, akasema bonjour, akauliza shida iko wapi. Dorothea akayameza maelezo yake.

Akamwonyesha mnyororo. Polepole, nikisema shusha unashusha, nikisema simama unasimama. Sikujua akakunja mikono. Dorothea akajilaza chali chini, giaboksi ikaja juu ya kifua chake, akaikumbatia, akaanza kutafuta meno.

"Shusha. Simama. Kidogo tena."

"Maman, humu ndani munapata joto?" Sikujua akauliza kutoka juu.

Dorothea akasema kuna hita ndogo. Kisha akaona ni lazima aseme, akasema akiangalia chuma, maana chuma ni rahisi kuangalia. "Sikujua, nakuomba. Watu wasijue kama naishi hapa."

Mnyororo ukasimama wenyewe.

"Watu gani?"

"Jumuiya. Mama Fredy. Wote."

"Lakini wote wanajua," Sikujua akasema. "Kila mutu. Mi nilizania unajua kama wanajua."

Jamani, wewe fikiria. Giaboksi iko kifuani, mikono yote miwili imeishika, huwezi kuamka, huwezi kujifunika uso, huwezi hata kuondoka. Dorothea akabaki hapo hapo akisikiliza. Kwamba Clement alikuja kununua samaki soko la jirani, zamani, kabla hata Sikujua hajafika Amerika, akamwona anaanika nguo kwenye kamba ya boti. Kwamba akamwambia mkewe. Kwamba Mama Fredy aliwakusanya watu, akasema marufuku mtu kumuuliza, atasema mwenyewe akiwa tayari, na zamu yake ikifika tumruke tu, tusimwaibishe. Na wakatii. Mpaka watoto wakatii! Miaka yote ile ya dawa ya mende na kichanga cha jirani, walikuwa wanaitikia haya, haya, wote wakijua hakuna mende wala kichanga.

"Shusha," Dorothea akasema, sauti kavu. "Kidogo."

Meno yakashikana. Ile sauti ya chuma kuingia mahali pake, klak, ambayo siku nyingine ingemfanya acheke peke yake, aliisikia kama mlango wa nyumba ya mtu mwingine unafungwa. Wakafunga bolti. Sikujua akamshikia taa akipima shafti na giaboksi zikae sambamba, akifungua huku, akikaza kule, mpaka kibamba chembamba cha kupimia kikawa kinapita sawa pande zote. Wakala pilau la baridi. Sikujua akasema angependa kubaki, lakini ana zamu ya jioni hotelini. Akavaa viatu, akaenda zake kituoni. Dorothea aliangalia kile kilemba chekundu mpaka kikapotea.

Jumamosi asubuhi Cheryl akaja na kikombe cha kahawa. Dorothea akawasha injini, akaiacha ipate moto, akafungua kamba, akasukuma gia mbele. Injini ikaguna, boti ikashtuka kidogo, halafu ikaondoka. Ikaondoka kweli! Laini, haipigi kelele, maji yanakunjuka nyuma. Akatoka kwenye mlango wa gati, akaona jiji lote kwa nyuma likipungua, na furaha ikampanda, akageuka amwambie mtu.

Hakuna mtu. Kuna kiti na giaboksi kuukuu juu yake.

Akazunguka, akarudi, akafunga. Cheryl akainua dole gumba, akasema tuonane masika, akaenda boti inayofuata. Na ndivyo nyumba ya Dorothea ilivyopona, ndani ya muda usiofika hata kupoza ile kahawa.

Mchana akampigia Mama Fredy.

"Zamu ya mwezi ujao niwekeni mimi," akasema. "Msiniruke."

Nyuma watoto wa Mama Fredy wanagombana kwa Kiingereza.

"Kwenye boti?"

"Kwenye boti." Halafu likamtoka, kwa uchungu kuliko alivyotaka. "Kama mlijua, Mama Fredy, kwa nini hamkuniuliza hata siku moja?"

"Na wewe ulituuliza nini, mdogo wangu?" Mama Fredy hakupaza sauti. "Masika nililazwa mimi, nimepasuliwa. Nimerudi nyumbani niko kitandani. Ulikuja, ukatengeneza breki za gari, ukampa Clement ufunguo, ukaondoka. Hata kupanda ngazi kuniona hukupanda. Nilikuwa nakusikia chini unagonga."

Dorothea akatafuta kichwani. Breki alizikumbuka vizuri sana, za mbele, zilikuwa zimekwisha hadi chuma. Kwamba kuna mtu alikuwa mgonjwa juu, hakukumbuka kabisa. Labda walimwambia. Labda walimwambia akiwa chini ya gari.

"Pole," akasema, na neno likaonekana dogo.

"Haya. Wanaenea wangapi humo?"

"Wanne. Watano, Baba Fredy akikaa nje."

"Nitawaambia. Ila mimi maji nayaogopa, Doro. Nitawaambia, lakini sijui kama mwenyewe nitaweza."

Simu ikakatika. Dorothea akakaa nayo mkononi, hajui vizuri kama ameambiwa ndiyo au hapana. Kisha akainuka, akaibeba ile giaboksi kuukuu kwa shida, akaitoa nje, akafuta oili kwenye kiti. Akakaa hapo. Akahamia kitandani, akakaa. Akahamia kwenye ngazi, akarudi tena kwenye kiti, akijaribu kuona kama magoti ya mtu mwingine yangeenea mbele yake.